Kabla Hujanunua Dawa: Mwongozo wa Kutunza Miti ya Matunda Uani

Kila embe zinapoanza kukomaa, maswali ni yale yale. "Embe zangu zina funza, nipige dawa gani?" "Mparachichi umeanza kukauka kileleni, shida ni nini?" "Majani ya mchungwa yana vinundu, ninyunyize nini?" Anauliza mtu wa Entebbe, anauliza wa Jinja, anauliza wa Arua, na karibu wote wameshaamua jibu ni dawa; wanachotaka ni jina lake tu.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye miti miwili, mitatu, labda kumi nyuma ya nyumba. Mwenye shamba la ekari kadhaa ana hesabu zake nyingine. Mwembe wa uani una urefu wa mita nane au kumi, na pampu ya mgongoni haifiki juu. Chini yake kuna kuku, kuna nguo kwenye kamba, kuna watoto wanaookota embe na kuzila papo hapo bila kuziosha. Kumwaga sumu mahali kama hapo ni kujitafutia balaa, hasa wakati msumeno, reki na macho yako vingemaliza sehemu kubwa ya kazi. Dawa ipo kwenye mwongozo huu, lakini utaikuta karibu na mwisho.

Vitu vya kuandaa

- Msumeno wenye meno makali. Panga lina kazi zake, ila kukatia tawi nene kwa panga hupasua gome na kuacha kidonda kisichofunga vizuri.
- Mkasi wa kupogolea, kwa vijitawi vyembamba.
- Jik na ndoo ndogo, kwa ajili ya kusafishia vyombo: kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo vitano vya maji. Kama huna Jik, moto wa jikoni unatosha.
- Reki, jembe au sepetu.
- Mfuko mkubwa mweusi wa plastiki mzito, usiotoboka. Kavera laini ya sokoni haifai.
- Magazeti ya zamani, gundi au pini, na uzi.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na chupa ya kunyunyizia.
- Glavu, buti, shati la mikono mirefu, na kitu cha kukinga macho.
- Ngazi imara na mtu wa kuishika.
- Mafuta ya kupikia kidogo, kama una mfenesi. Sababu utaiona mbele.

Kama matawi yamefika kwenye nyaya za umeme, usipande. Piga simu kwa wenye umeme waje wakate wao.

Hatua ya 1: Zunguka mti kabla hujagusa chochote

Mara moja kwa wiki, asubuhi, tenga dakika chache uukague mti kuanzia chini kwenda juu. Anzia kwenye udongo: kuna matunda yaliyooza? Panda kwenye shina: kuna vijia vya udongo vya mchwa, tundu lenye unga wa mbao, gome linalotoa utomvu? Kisha shika tawi la chini, geuza majani, utazame upande wa chini. Wadudu wengi hujificha huko, na anayeangalia juu ya jani tu atakwambia mti wake hauna tatizo.

Halafu jiulize swali moja: shida iko kwenye tawi moja au kwenye mti mzima? Tawi moja likinyauka huku mengine yanang'aa, tafuta kwenye tawi hilo hilo: tundu la mdudu, mvunjiko, au kirukia (mmea unaoota juu ya tawi; nitaueleza kwenye Hatua ya 3). Mti mzima ukififia pande zote kwa pamoja, acha majani, nenda kwenye mizizi. Swali hili peke yake hukuepusha kununua vitu vingi usivyovihitaji.

Piga picha kwa simu kila unapoona jambo geni. Wiki tatu baadaye hutakumbuka kama doa lilikuwa dogo au kubwa, lakini picha itakuonyesha.

Hatua ya 2: Safisha kuzunguka shina

Miti mingi ya uani huuawa na wenye nyumba, wala si wadudu. Tazama mti wako kwa haki:

Kuna waya wa kuanikia nguo uliofungwa kuzunguka shina? Ufungue leo. Shina linanenepa, waya haunenepi. Baada ya miaka michache waya huzama ndani ya gome na kukata njia ya chakula. Kuna mbuzi aliyefungwa hapo? Mbuzi hubandua gome, na gome likishaondoka kuzunguka shina lote, mti umekwisha hata kama majani bado ni mabichi. Mhamishe mbuzi.

Takataka mnachomea wapi? Kwenye nyua nyingi ni chini ya mwembe, kwa sababu pana kivuli. Moto ule huunguza gome la upande mmoja, kuvu huingia, na shina huanza kuoza kutoka ndani. Maji ya kufulia yenye Jik nayo yasimwagwe kwenye mizizi kila siku. Kama mmemwaga saruji hadi kwenye shina, vunja duara la angalau hatua moja kila upande, maji yapate kuingia.

Udongo uliorundikwa kwenye shina uondoe. Weka matandazo ya majani makavu au nyasi, unene wa sentimita 5 hadi 10, lakini yaache shina kwa upana wa kiganja. Matandazo yanayogusa shina hulifanya gome lilale na unyevu, na huwakaribisha mchwa.

Hatua ya 3: Pogoa

Wakati mzuri ni mara tu baada ya kuvuna, siku zisizo na mvua nyingi. Kwa wengi wa Uganda ya kati na kusini, mvua huwa nzito Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kwa hiyo vipindi vya katikati ndivyo vya msumeno. Kaskazini mvua huungana kuwa msimu mmoja mrefu, basi subiri kiangazi kianze. Ukipogoa mvua ikinyesha, vidonda hukaa na maji na kuvu hupata mlango. Ukipogoa mwembe ukiwa umekaribia kutoa maua, umekata embe zako mwenyewe, maana maua hutoka kwenye ncha za matawi.

Kata kwa mpangilio huu: kwanza yaliyokufa, kisha yenye ugonjwa, kisha yanayosuguana, kisha machipukizi yanayoota chini ya kiungo kwenye mti uliobebeshwa, yaani tawi la mti mmoja lililounganishwa kwenye shina la mwingine. Hayo ya mwisho wengi huyafurahia kwa sababu yana nguvu, ila ni ya mti wa shina la chini na hayatakupa tunda uliloahidiwa. Baada ya hapo fungua katikati ya mti ili jua na upepo vipite. Jani linalokauka mapema asubuhi si rafiki wa kuvu.

Tawi nene likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza uwe kwa chini, umbali wa kama futi moja kutoka shinani, uingie theluthi ya unene. Wa pili uwe kwa juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Wa tatu uondoe kisiki kilichobaki, nje tu ya ule uvimbe ulio pale tawi linapotokea. Ukiruka mkato wa kwanza, tawi litaanguka na kubandua gome la shina hadi chini. Ukikata hadi ndani ya uvimbe, au ukiacha kisiki kirefu, kidonda hakifungi.

Makosa ninayoyaona kila msimu:

- *Kupaka kidonda tope, kinyesi cha ng'ombe au oili chafu ya gari.* Acha wazi. Mti hujifunga wenyewe, na kinyesi hupeleka viini pale pale ulipotaka kuvizuia.
- *Kukata nusu ya mti siku moja.* Usivuke robo ya majani kwa mara moja. Mti mrefu sana ushushe kwa misimu miwili au mitatu.
- *Kuacha shina la mparachichi wazi juani.* Gome lake huungua. Baada ya kupogoa sana, paka chokaa iliyochanganywa na maji kwenye matawi yaliyopoteza kivuli.
- *Kutoka mti mgonjwa kwenda mzima na msumeno ule ule.* Utumbukize kwenye maji ya Jik kati ya mti na mti. Ukimaliza kazi usuuze, uukaushe, uupake mafuta, kwa sababu Jik hula chuma.

Mfenesi una utomvu ambao maji na sabuni haviuwezi. Paka mafuta ya kupikia mikononi na kwenye meno ya msumeno kabla ya kuanza. Na usikwangue vile vijiti vifupi vilivyo kwenye shina lake, kwani mafenesi hutoka humo humo.

Na kirukia: kile kichaka kibichi kinachoota juu ya tawi, majani yake hayafanani na ya mti, na kiangazi hubaki kibichi wakati mti unateseka. Ndege hula tunda lake lenye ulimbo na kufutia mdomo kwenye tawi jingine, mbegu hunasa hapo. Kukinyofoa hakusaidii, kwa sababu mizizi yake imeingia ndani ya tawi. Kata tawi lenyewe, angalau futi moja chini ya kilipojishikiza.

Hatua ya 4: Okota matunda yaliyoanguka, kila siku

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii. Hapa ndipo penye jibu la swali la funza.

Funza kwenye embe na mapera ni watoto wa nzi wa matunda. Yule msumbufu zaidi, anayejulikana kitaalamu kama Bactrocera dorsalis, asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na akaenea haraka eneo zima, Uganda ikiwemo. Usimchanganye na vile vinzi vidogo vinavyoelea juu ya ndizi mbivu jikoni. Huyu ana ukubwa wa nzi wa kawaida, rangi ya kahawia, na mgongoni mwa tumbo lake kuna alama nyeusi yenye umbo la herufi T.

Mama hutoboa ganda la tunda linalokaribia kuiva na kutaga mayai chini yake. Chukua embe moja uliangalie karibu: utaona kitundu cha ukubwa wa ncha ya sindano, mara nyingine na tone la utomvu lililokauka. Mayai huanguliwa kwa siku moja au mbili. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, nao hutoka na kuingia udongoni sentimita chache tu. Hapo hugeuka bundo, yaani mdudu aliyetulia ndani ya ganda, na baada ya wiki moja hivi au mbili hutoka nzi wapya ambao safari yao ni fupi: kutoka chini ya mti hadi juu ya mti.

Sasa unaona kwa nini kunyunyiza tunda lenye funza ni kazi bure. Funza yuko ndani, dawa iko nje. Na embe unayoiacha chini usiku mmoja ndiyo kiwanda cha nzi wa wiki mbili zijazo.

Fanya hivi:

a) Okota yote, asubuhi na jioni wakati wa msimu. Chuma pia yale yaliyo mtini ambayo yamelainika upande mmoja.

b) Yatie kwenye mfuko mweusi, funga mdomo barabara, uuache juani wiki nzima. Joto huua funza. Kilichobaki unaweza kukitia kwenye mboji.

c) Kama huna mfuko, chimba shimo la kina cha nusu mita au zaidi na uyafukie. Shimo la kina cha kiganja halitoshi. Nzi hutoboa na kutoka.

d) Wenye nguruwe wana bahati, nguruwe hula vyote. Kuku nao waachie wapekue chini ya mti, hula funza na bundo.

Kosa kubwa ni kutupa matunda mabovu moja kwa moja kwenye lundo la mboji, au juu ya ukuta kwa jirani. Nzi hana habari na mipaka ya viwanja. Zungumza na jirani mwenye mpera, maana mpera huwahifadhi nzi wakati embe hakuna, na ule mti wa mkungu uliopandwa kwa kivuli hufanya vivyo hivyo. Wawili watatu mkiokota pamoja, tofauti inaonekana msimu unaofuata.

Vuna embe zikikomaa, kabla hazijalainika mtini, uzivundike ndani. Kila siku ya ziada mtini ni nafasi kwa nzi.

Hatua ya 5: Funika matunda unayoyataka zaidi

Huwezi kufunika embe mia nne, lakini ishirini za chini unaziweza. Tunda likifikia ukubwa wa yai la kuku, tengeneza mfuko wa gazeti la kunjo mbili, livishe, funga mdomo kwa uzi kwenye kikonyo. Fenesi livishe gunia jepesi. Usitumie plastiki inayopitisha mwanga: tunda hutoka jasho ndani, huungua na kuoza.

Hatua ya 6: Mitego, na wadudu walio upande wako

Maduka ya pembejeo, kama yale ya Container Village pale Nakivubo, Kampala, huuza kivutio cha nzi dume. Kinafanya kazi, ila fahamu mipaka yake: kinanasa madume, na anayetoboa tunda ni jike. Mtego ukijaa nzi, maana yake una nzi wengi. Embe bado zinahitaji Hatua ya 4. Vivutio vya chakula chenye protini huvuta majike pia. Mtego wa siki kwenye chupa ya soda utakupa vinzi vya jikoni na furaha ya bure.

Tundika mtego kivulini, kimo cha mtu, ndani ya matawi. Paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia, la sivyo siafu na sisimizi watakula ushahidi.

Kama mwembe wako una maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, fikiri mara mbili kabla ya kuwachoma. Wanauma, hilo kila aliyepanda mwembe analijua. Lakini huwinda wadudu wengine na kuwafukuza nzi wa matunda wasitulie kutaga. Kasoro yao ni kwamba hulinda vidung'ata (vidudu vyeupe kama pamba) na wadudu magamba ili wapate maji yao matamu. Kwenye mwembe mimi huwaacha. Kwenye mchungwa uliojaa vidung'ata huwaondoa. Siku ya kuchuma, paka majivu mikononi hadi mabegani, watapungua kukupanda.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Mche wa mwaka wa kwanza na wa pili unywe maji ya kutosha kila wiki wakati wa kiangazi: ndoo moja au mbili, polepole, jioni. Mti mkubwa hauhitaji, ila kama kiangazi ni kikali na una matunda machanga. Samadi iwe imeoza vizuri, na uiweke pale kivuli cha matawi kinapoishia, maana mizizi inayokula iko huko. Samadi mbichi iliyorundikwa kwenye shina huunguza.

Hatua ya 8: Nyunyiza, ikiwa bado kuna haja

Kwa vidukari, vidung'ata na wadudu laini: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji. Nyunyiza chini ya majani mpaka yalowe, jioni, rudia baada ya wiki. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie, huunguza majani. Jaribu kwanza kwenye majani machache, usubiri siku mbili.

Mwarobaini: twanga gramu 50 za mbegu kavu, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni inayofuata. Jua huuvunja nguvu, kwa hiyo usiuweke akiba. Wa West Nile na kaskazini miti mnayo uani, Kampala utanunua.

Kwa kuvu kwenye maua na majani machanga, dawa za shaba husaidia zikiwekwa kabla ugonjwa haujaenea. Doa lililokwisha kutokea halifutiki.

Ukinunua dawa yoyote, nunua chupa yenye lakiri na lebo inayosomeka, tazama tarehe ya mwisho, na usikubali kupimiwa kwenye chupa ya maji. Soma siku za kusubiri kabla ya kula tunda, kisha uzifuate hata watoto wakilia. Usinyunyize maua yakiwa wazi: utaua nyuki, na bila wadudu wachavushaji matunda yatakuwa machache. Chupa tupu itoboe, isije ikawekewa mafuta ya taa au maziwa.

Ukiona hivi

*Majani na matunda yana masizi meusi yanayofutika kwa kidole.* Si ugonjwa wa jani. Kuna wadudu wanaonyonya hapo juu, na maji yao matamu huotesha kuvu ile nyeusi. Tafuta vidung'ata vyeupe vya pamba au magamba ya kahawia kwenye vijitawi. Sabuni, na zuia chungu wanaopanda.

*Majani ya mchungwa au mlimau yana vinundu juu na vishimo chini.* Ni kidudu kidogo kinachonyonya majani machanga. Vinundu vyenyewe haviui mti. Hofu ni kwamba kidudu hicho hueneza ugonjwa wa kijani wa machungwa, ambao hauna tiba. Angalia rangi ya njano kwenye jani: kama pande mbili za mshipa wa kati zimefanana, huenda ni upungufu wa madini, kama upande mmoja una mabaka yasiyofanana na mwenzake, na matunda ni madogo, yamepinda, yanabaki kijani upande mmoja, ng'oa mti huo kabla haujaambukiza mingine.

*Maua ya mwembe yanageuka meusi na kudondoka.* Mvua ikiwa nyingi, ni chule, ugonjwa wa kuvu. Kama yamepakwa unga mweupe na hali ya hewa ni kavu yenye ubaridi, ni ubwiri unga, nao ni wa kuvu. Chule hupungua ukifungua mti na kuondoa vijitawi vilivyokufa. Ubwiri unga hutibiwa kwa salfa maua yanapoanza tu kutoka.

*Embe ni zuri nje, lakini ndani ya kokwa kuna mdudu mgumu mweusi.* Huyo ni fukusi wa kokwa, hana uhusiano na nzi. Nyama mara nyingi hulika bila shida. Kusanya kokwa zote uzichome au uzifukie, na usipande kokwa yenye tundu.

*Vijitawi vya mparachichi au mbuni vinakauka kimoja kimoja, majani yakining'inia.* Tafuta kitundu cha milimita moja upande wa chini wa kijitawi. Ni mdudu mtoboaji aliyeripotiwa Bundibugyo mwaka 1993 na ambaye sasa wakulima wa kahawa wanamjua vizuri. Kata chini ya kitundu, choma siku hiyo hiyo. Ukivirundika pembeni, atatoka na kurudi.

*Mparachichi mzima umepauka, majani madogo, kilele kitupu.* Chimbua kidogo uone mizizi myembamba. Ikiwa myeusi na inavunjika, imeoza, na mara nyingi kinachochochea ni maji yanayotuama. Chimba mfereji, punguza kumwagilia, ongeza matandazo. Ukiuwahi unaweza kupona. Ukifa, usipande parachichi jingine kwenye shimo lile; panda mahali pa juu, kwenye tuta.

*Mchwa.* Hupenda gome lililokufa na mti wenye kiu, na wa Nakasongola hawahitaji kuelezwa. Futa vijia vyao, nywesha mti, ondoa vipande vya mbao vilivyozikwa karibu. Kichuguu kilicho karibu kichimbue hadi kwa malkia. Najua wengine hawatagusa kichuguu kwa ajili ya kumbikumbi wa msimu; basi panda miti mbali nacho.

*Mpapai una majani yenye mabaka na matunda yenye pete.* Ni virusi. Ng'oa, panda mwingine.

*Migomba.* Si miti, lakini ndiyo inayoulizwa kuliko yote. Ndizi zikiiva ovyo mkunguni, ukikata moja ukakuta madoa ya kahawia ndani, au shina likatoa usaha wa njano, ni mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 kule Mukono. Kata shina hilo usawa wa ardhi, safisha panga kwa Jik au moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mizima ilinde kwa kuondoa ua dume mara kichane cha mwisho kinapotokea, ukilivunja kwa mti wenye panda. Usitumie panga.

*Mti umestawi lakini hauzai.* Mwembe au mparachichi wa mbegu huchukua miaka mingi. Kama umri umefika, angalia kivuli cha nyumba, na jiulize kama huupi samadi kupita kiasi: majani mengi mno ni dalili.

Likikushinda, nenda kwa afisa kilimo wa subkaunti, au kwenye vituo vya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kama Kawanda na Mukono. Usibebe jani moja lililokauka. Kata kijitawi chenye sehemu nzima na sehemu iliyoanza kuugua, funga kwenye gazeti kavu, kwa kuwa ndani ya kavera kitaoza na atakayekipokea atapima uozo badala ya ugonjwa. Chukua na picha za simu, uwe tayari kusema mti una umri gani, ulianza lini, na ulishanyunyiza nini.